Muyisa Zorobabel, Mwenye Kurudisha Nguvu ya Mashua

Muyisa Zorobabel alizaliwa Kirumba tarehe 14 mwezi wa tano 1958, mutoto wa ine wa mzee Syauswa na mama Emérence.

Alisoma primaire palepale Kirumba, kisha mécanique mu Butembo, akapata diplome mwaka 1979. Toka utoto hakupenda kitu kipotee bure. Akishuka kilima na baiskeli alikuwa ananungunika: "Nilipanda na jasho, sasa breki inakula yote."

Mwaka 1981 alishuka Kyavinyonge, ku ziwa Edouard, akawa fundi wa mashua ya mizigo. Huko alifunga dinamo ya lori ku hélice, ile panga ya chini ya maji yenye kusukuma mashua. Mashua ikikaribia ngambo alizima moteur. Mashua inaendelea kuteleza, maji inazungusha hélice, hélice inazungusha dinamo, batri inajaa pole pole. Batri hiyo aliipeleka maternité, na bamama balikuwa banazaa mu mwangaza.

Alioa Kavira Agar tarehe 4 mwezi wa nane 1984, mu kanisa letu la Vulamba. Nyuma ya kuzaa Séphora, Agar alikuwa anamuchokoza: "Papa Séphora, siku nitaanza kutembea pole, mimi pia utanifungia dinamo?" Muyisa alicheka mupaka machozi.

Halafu vita ikafika ziwani. Mwezi wa saba 2001, askari benye kushika bandari balimuuliza ile chuma ni ya nini. Alijibu bila wasiwasi: "Chef, hii iko narudisha nguvu." Kwa fundi, nguvu ni mwendo wa mashua. Kwa bale, nguvu ni bunduki na utawala. "Unarudishia banani nguvu?" Balimupiga mateke palepale mbele ya basafiri, bakamufunga mu gereza ya Beni, kisha bakamutupia familia akitapika damu. Alikufa Butembo tarehe 9 mwezi wa nane. Dinamo iko kwa mukubwa wa bale askari, inamupigishia muziki. Maternité iko giza.

Jana mujumbe wa huyo mukubwa alikuja kwa Kyakimwa, dada ya marehemu, mwenye kusoma maneno haya. Alisema familia iandike "ugonjwa mufupi", kama hapana, maziko haitafanyika. Kyakimwa alimuuliza: "Huyo ugonjwa alivaa buti?" Familia imekasirika, na haifichi. Muyisa hakugonjwa hata siku moja. Aliuawa.

Ameacha mujane Agar, batoto Séphora, Mbusa na Jemima, na dada yake Kyakimwa.

Muyisa, lala salama. Bale balikuua, usingizi ubakatae.