Kwa Nini Siwezi Kumuaga Fundi Lifti

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, uliyetufungulia ukumbi wa shule yako siku ya mapumziko. Mzee wetu Fundi Lifti, pamoja na Mama uliyeketi kando yake. Ndugu wageni waalikwa. Nanyi wapenda anga wenzangu, ambao mpaka leo asubuhi nilikuwa nawajua kwa jumbe za simu tu: hamjambo?

Nimepewa dakika kumi za kumuaga Mzee, anayetuachia kundi letu la mtandaoni. Kwanza nimpongeze katibu. Katibu aliandika saa ya kukutana kwa saa za dunia, zile za warusha roketi, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, wala hakusema kuwa ni hizo. Sisi tulioisoma kama saa ya hapa tukakaa nje ya geti saa tatu nzima. Watu wanaokokotoa kupatwa kwa jua mpaka sekunde, wameshindwa kukutana getini!

Sijutii, kwa sababu hapo ndipo mliponijua. Nilifika na fimbo yangu nyeupe, nikasema, "Mimi ndiye Zohali," jina ninalotumia kundini. Mwenzetu mwoka mikate akaropoka: "Zohali? Yule anayetusahihisha mahesabu ya mwezi? Dada, kumbe huoni?"

"Sioni tangu nizaliwe, kaka," nikamwambia, "na mahesabu yako bado ni mabovu."

Ndugu zangu, mimi ni mpokea simu wa hospitali. Miaka saba iliyopita nilijiunga na kundi hili, na wiki ya kwanza tu nikataka kutoka. Mlikuwa mnamwaga picha. Simu yangu hunisomea maandishi kwa sauti, lakini ikifika kwenye picha husema "picha" basi, inapita. Picha, picha, picha. Nikamwandikia msimamizi faraghani: samahani Mzee, naondoka, sababu ni hii. Akajibu maneno matatu: "Subiri kidogo, binti."

Kesho yake ikatoka ile amri mnayoijua. Picha isiyo na maelezo inafutwa. Mlimsema, hamkumsema? Mlimwita dikteta. Mwoka mikate alilalamika, "Mzee, picha inajieleza yenyewe bwana!" Naye akamjibu, "Basi andika inavyojieleza, tuisome." Watu kumi na mmoja walitoka kwa hasira siku hiyo. Neno moja tu lingemwokoa na lawama, nalo lilikuwa jina langu. Hakulitaja hata siku moja.

Mkaanza kuandika shingo upande, na baadaye mkanogewa. Mnajua mlinifanyia nini? Nilikuwa nikikaa kwenye meza yangu ya simu, laini zimetulia, naisikiliza simu ikinisomea anga. Mwenzetu fundi cherehani aliandika kwamba mwezi mchanga ni mwembamba kama ukucha uliokatwa, nikajishika ukucha nikatabasamu peke yangu. Mzee naye, kila alipopanda kutengeneza lifti, alitoka juu ya paa akaandika: "Ghorofa ya kumi na mbili. Kituo cha anga kimepita bila haraka, kimeingia kivulini, kimezimika polepole. Humo ndani kuna watu, pengine wanakunywa chai." Siku hizo nilikuwa naelea. Mgonjwa akipiga, nilijikuta nashuka kutoka mbali sana kabla ya kusema haloo. Mbingu yangu yote, ndugu wageni waalikwa, imejengwa na maneno ya watu walioko ukumbini humu.

Mwezi uliopita Mzee aliandika: "Daktari wa macho ameshatoa jibu. Kioo cha simu nakiona ukungu mtupu. Asiyeona atafanya nini kwenye kundi la watazamaji? Kwaherini." Akatoka kundini. Mama, mkewe, alinipigia simu kazini, akaniambia, "Mwanangu, mzee wako anakaa tu siku nzima. Hata redio hataki."

Mzee wangu, nilikasirika. Nakuambia mbele za watu, na adabu zangu zote: uliniumiza. Ulilipigania kundi hili ili mimi nibaki, halafu unauliza asiyeona atafanya nini humo? Mbona mimi hukuniuliza? Je, miaka yote saba nilikuwa mgeni wako tu, wa kuonewa huruma?

Kwa hiyo hotuba ya kuaga sinayo. Niliiandika, nikaichana.

Roketi tuliyokuja kuitazama inaruka baada ya dakika kumi na mbili, na itaonyeshwa ukutani hapo. Fundi cherehani ataketi kulia kwako, mwoka mikate kushoto kwangu, watusimulie kila kitu, moshi kwa moshi. Najua unaogopa. Hata mimi ningeogopa kupoteza kitu nilichowahi kuwa nacho. Lakini usiogope peke yako nyumbani.

Mama, tafadhali mpe simu yake. Nimeshamtumia mwaliko, na mjukuu wenu ameiwasha ile sauti inayosoma. Mzee, pitisha kidole taratibu juu ya kioo. Ikisema "Jiunge na kundi," gonga mara mbili. Hakuna atakayekulazimisha.

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, ndugu wageni waalikwa, wenzangu wa anga, asanteni sana kwa masikio yenu. Sasa naomba ukumbi utulie kabisa, maana nataka kusikia kama atagonga.