Nundu Chini ya Sikio la Chausiku

Kijiwe cha kahawa cha Mbaraka kiko nyuma ya stendi ya Same, pale ambapo upepo wa tambarare hukujaza vumbi mdomoni kabla hujaonja kashata. Benchi ni moja, wazee ni walewale, na siku ya tatu sasa hoja ni moja: nundu iliyomtokea Chausiku, mbwa wa Sifael fundi viatu, chini ya sikio. Sifael alikuwa akishona kiatu pembeni ya benchi, Chausiku kafungwa kamba miguuni pake. Tangu Jumatatu hapati usingizi. Mbwa huyo ndiye humsindikiza kazini asubuhi na kumrudisha nyumbani jioni.

— Kupe huyo, alisema Abubakari, aitwaye Redio kwa kuwa hazimwi. Kaingia ndani, kazaa humo. Ukoo mzima upo pale.

— Kupe gani wa saizi ya limau? akabisha Gideoni, wanayemwita Hakimu ingawa mahakamani alikwenda mara moja tu, tena kama mshtakiwa. Huo mwiba wa nungunungu. Unatembea huo. Leo sikioni, kesho moyoni.

Sifael akajidunga sindano.

— Hakimu, punguza bwana.

— Kwani naongopa? Kule Chome mbwa wa shemeji yangu mwiba ulimtokea puani, baada ya mwaka mzima!

— Basi ni mnara wa simu, Redio akapandisha dau. Si analala chini ya mnara? Mawimbi yanaganda.

— Mawimbi yanaganda?

— Kwa mbwa yanaganda.

Loserian, mfugaji aliyekuja mnadani, alikuwa akinywa kahawa yake ukingoni mwa benchi. Akatoa msumari mrefu mfukoni, akauchomeka kwenye makaa chini ya birika.

— Ndama akivimba hapo ni ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe. Tunachoma uvimbe, anapona. Nimeponya wengi.

— Huyu si ndama, Sifael akasema.

— Ana shingo.

— Msumari wa mbwa kwenye jiko langu? Mbaraka akaruka. Wateja wangu wanaswali!

— Haujamgusa bado.

— Ukishamgusa haurudi humu!

Msumari ukaanza kuwa mwekundu. Redio akaunga mkono, Hakimu naye akaunga, maana siku tatu za maneno zilikuwa zimewachosha na kila mtu alitaka kitu kifanyike. Sifael akajikuta kaishika kamba ya Chausiku, asijue kama anamvuta aje au anamzuia.

Hapo akafika Esta, mama aliyeshuka na tangawizi kutoka Mamba, kule milimani, kuchukua kiatu alichomwachia Sifael.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba mama.

Akamtazama mbwa, akautazama na msumari.

— Kwani huo uvimbe ni mgumu au laini?

— Mgumu, akasema Redio.

— Laini, akasema Hakimu papo hapo.

— Nani kaushika?

Hakimu akakichungulia kikombe chake. Redio, kwa mara ya kwanza wiki hiyo, akazimika. Loserian akaacha kupuliza makaa, na wote wakamgeukia Sifael.

— Sijaushika, mama, akasema. Naogopa.

Akaiachia kamba, akapangusa mkono kwenye aproni, akapiga magoti vumbini. Kabla mkono haujafika, Chausiku akausogezea shingo.