Theogene Ruta na Ng'ombe Arobaini na Mmoja wa Buffalo

Ijumaa, tarehe 29 Mei 2026, Theogene Ruta anastaafu baada ya miaka kumi na sita katika Sanduku la Michezo, shirika letu linalokarabati vitu vya kuchezea vilivyotumika na kuviazimisha bure kwa familia za Louisville, Columbus na Buffalo.

Alianza Louisville mwaka 2010 kama mfagiaji wa ghala. Siku ya tatu alikutwa akirudishia mdoli mkono kwa uzi wa kushonea viatu. Wiki iliyofuata akahamishiwa meza ya ukarabati. Tangu 2014 amekuwa katika ghala kuu la Whitehall, jirani na Columbus, akitokea nyumbani kwake Reynoldsburg kila asubuhi.

Wageni wengi wanamjua kwa rafu ya historia iliyo mlangoni. Ina pia la mbao la kuzungusha, mdoli wa maganda ya mahindi, gari la bati la miaka ya hamsini, gari la waya lililotengenezwa na fundi mwenzetu Elie Bagula jinsi alivyokuwa akiyatengeneza utotoni Bukavu, na roboti ambayo hulia hata betri zikitolewa. Theogene hakuvipanga kwa umri. Alivipanga kwa kile mtoto anachofanya navyo: kusukuma, kuzungusha, kulea, kuchunga. Wanafunzi wanaotutembelea waliuelewa mpangilio huo haraka kuliko wajumbe wa bodi.

Kosa lake kubwa ni la mwaka 2019. Tawi la Buffalo lilikuwa changa, na bodi ilikuwa imeamua kulifunga ikiwa vitu vilivyoazimwa havitarudi. Theogene alitumwa kuwaeleza wazazi utaratibu. Aliazimisha ng'ombe wa plastiki arobaini na mmoja na kuwaambia wazazi, wengi wao kutoka nyanda za juu za Kivu Kusini, wawatunze kama ng'ombe wa kupewa. Kwao, aliyepewa ng'ombe hamrudishi yuleyule. Humsubiri azae, kisha humpelekea mtoaji ndama. Theogene alikusudia heshima. Wazazi walielewa kusubiri. Mwezi wa kuazima ulikwisha bila ng'ombe hata mmoja kurudi.

Emérence Bisimwa, msimamizi wa tawi, alipiga simu nyumba kwa nyumba. Bibi Mukashyaka, mwenye wajukuu watano, alimjibu kwa utulivu: "Donc, basi, haijazala bado. Mimi nitairudisha namna gani, mikono mitupu?"

Emérence akampigia Theogene. "Papa Theo, umenipatia shida. Bodi inakuja kisha siku kumi, na ng'ombe zako zote ziko na mimba."

Theogene hakuandika barua ya maelezo. Aliendesha gari kwa saa tano hadi Buffalo akiwa na kilo ishirini za udongo, akaketi katika ukumbi wa tawi Jumamosi nzima. Wazee waliokuwa wakifinyanga ng'ombe walipokuwa watoto wachungaji walifinyanga ndama. Wajukuu waliwawekea ndama hao pembe ndefu, mabibi wakazikata, na mabishano yakaendelea kwa lugha tatu.

Bodi ilipofika ilikuta mezani ng'ombe thelathini na tisa, kila mmoja na ndama wake wa udongo. Wawili hawajaonekana hadi leo. Katika orodha, Theogene aliandika kwamba wako malishoni. Bodi ililiongezea tawi mwaka mmoja, kisha mwingine. Leo Buffalo inaazimisha vitu vingi kuliko Louisville na Columbus, na ufinyanzi unafundishwa huko kila Jumamosi. Elie ndiye atakayeshika meza ya ukarabati.

Kwa ajili ya hafla ya kumuaga, Emérence ameomba tawi la Buffalo lifungwe Ijumaa hiyo ili wafanyakazi wake wote waje Whitehall. Bodi imekubali. Itakuwa mara ya kwanza kwa tawi hilo kufungwa siku ya kazi, na litafunguliwa tena Jumamosi saa nne asubuhi.

Asante, Theogene, kwa kazi safi. Tunakuombea afya njema na miaka mingi ya kupumzika.