Cresensia Amsi, Aliyefikisha Mizigo Penye Vita

Wasikilizaji wapendwa, za jioni. Popote mnapotusikia, Karatu mjini, Rhotia, Qurus, Endulen, hadi kule Soitsambu na Digodigo, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke wa hapa kwetu. Jina lake ni Cresensia Amsi. Alizaliwa Qurus, na Jumamosi iliyopita tulimzika Qurus. Katikati ya hapo alifanya kazi ambayo wengi wetu hatukujua hata kama ipo.

Kazi yake ilikuwa ugavi na usafirishaji. Alikuwa mfanyakazi wa misheni ya kimataifa ya kulinda amani, Sudani Kusini, wakati wa vita. Alihakikisha maji, unga, mafuta na mahema vinawafikia watu wanaovisubiri. Narudia ili tuelewane. Mama Cresensia hakubeba bunduki. Alikwenda vitani kufikisha mizigo.

Nyumbani kwao walilima mahindi na mbaazi. Mdogo wake, Bernadina, anasema dada yake hakujua kukaa na kusubiri. Siku ya harusi ya Bernadina, gari lililobeba vinywaji lilikwama korongoni. Cresensia ndiye aliyekuwa matroni, msimamizi wa bibi harusi. Alishuka na gauni lake, akasukuma na wanaume. "Angalia picha za harusi yangu," Bernadina ameniambia huku akicheka na kufuta machozi. "Zote, matroni ana matope mpaka magotini. Lakini soda zilifika."

Cresensia alipomaliza kidato cha nne alipata kazi hapa Karatu mjini, kwenye kampuni iliyopeleka vyakula kwenye kambi za watalii. Kabichi, mayai, mitungi ya gesi, vyote vilipitia geti la Ngorongoro asubuhi kwenye ukungu, vikashuka hadi kambi za Ndutu. Alianza kwa kupakia makreti. Baada ya miaka akawa msimamizi wa magari yote. Hapo ndipo alipofahamiana na Metui, fundi magari, mwenyeji wa Soitsambu.

Mwaka 2013 akapata kazi kwenye misheni. Wakati huo alikuwa ameolewa na Mwalimu Josephati Gwandu, na watoto wao, Clemensi na Germana, walikuwa bado shule ya msingi. Wasikilizaji, mnajua maneno yetu. Ndugu walikaa kikao. Wakasema haijawahi kuonekana, mke aende vitani, mume abaki na watoto.

Mwalimu Josephati amenisimulia mwenyewe. "Waliniuliza, kwani hapa aliyeolewa ni nani? Nikawaambia, mahindi yangu yanaiva, watoto wangu wanasoma, na mke wangu kila akipata mtandao ananipigia. Ninyi shida yenu ni nini hasa?"

Kikao kikaishia hapo. Cresensia akaenda. Miaka miwili baadaye misheni ilitafuta fundi, na Metui naye akaajiriwa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kisa chenyewe. Amenisimulia Metui, aliyekuwepo.

Mwaka 2016 mapigano yalizuka upande wa kaskazini. Maelfu ya watu walikimbilia kituo kidogo cha misheni, mwendo wa siku nzima kwa gari kutoka makao ya akina Cresensia. Kisima kilikuwepo, lakini pampu ilikuwa imekufa. Watu walikunywa maji ya madimbwi. Watoto wakaanza kuharisha. Ilitakiwa pampu mpya, dawa ya kusafishia maji, na unga, kabla mvua hazijafunga barabara. Kwa kawaida Cresensia alibaki ofisini akiongoza malori kwa redio. Safari hii kiongozi wa msafara aliugua malaria, Cresensia akapanda yeye mwenyewe.

Njiani, gari la askari waliowasindikiza liliharibika. Utaratibu ulisema msafara usimame, usubiri. Cresensia aliangalia mawingu. Akaamua malori yaendelee bila askari. Huo ulikuwa uamuzi wake.

Mbele wakakuta kizuizi. Gogo barabarani, na vijana wenye bunduki. Lori la kwanza, lililobeba pampu, liliendeshwa na Gatluak, mwenyeji wa nchi ile. Alikulia kwenye kambi ya wakimbizi Kenya, Kiswahili alikijua vizuri. Kiongozi wa wale vijana alikijua pia. Alimtazama Gatluak usoni, akatambua ni wa kabila walilopigana nalo. Akasema malori yapite, dereva huyu ashuke.

Kila mtu pale alielewa maana yake. Aliyeshushwa hakuonekana tena.

Cresensia alishuka, akasimama kati ya mlango wa lori na yule kijana. Akasema, "Akishuka yeye, tunashuka wote."

Akawaambia madereva wazime injini, wampe funguo zote. Wakakaa chini kivulini, Gatluak katikati yao. Akamwomba Metui awashe jiko. Unga wa mzigo hawakuugusa, maana ulikuwa wa wenyewe kule mbele. Walipika chakula chao cha safari, ugali na maharage, na chai. Sahani ya kwanza akampa yule kiongozi. Akaikataa. Cresensia akaiweka mbele yake, na yule kijana naye akakaa.

Nikamuuliza Metui, huyu mama hakuwa na hofu? Metui akatikisa kichwa. "Aliogopa kutuzidi sisi wote. Ila hakuondoka."

Wakakaa. Jua likasogea. Baadaye Cresensia akamuuliza yule kijana habari za kwao, mama yake yuko wapi. Kijana akasema hana hakika, amesikia tu kwamba mama na dada yake walikimbilia kituo kilekile cha misheni.

Cresensia akamwambia polepole, "Basi kama wamefika, sasa hivi wanakunywa maji ya dimbwi. Pampu iko kwenye lori lile. Dereva wa lori lile ni huyu. Sina mwingine."

Metui anasema hiyo ya mwisho haikuwa kweli. Cresensia mwenyewe angeweza kuliendesha lori lile mpaka kituoni. Lakini hakusema.

Yule kijana alisimama, akaenda kwa wenzake. Walibishana kwa lugha yao, sauti zikapanda. Gatluak aliyaelewa yote, akafumba macho. Halafu yule kijana akarudi. Akaliondoa gogo kwa mikono yake, akataja jina la mama yake. Cresensia akalirudia mbele yake ili alishike vizuri.

Waliondoka. Walipofika mbali kidogo, Cresensia aliomba gari lisimame, akashuka, akazunguka malori yote akihesabu watu wake. Kisha wakaendelea.

Wasikilizaji wapendwa, mzigo ulifika. Metui aliifunga pampu asubuhi yake, na maji yakatoka. Lakini kabla ya kupumzika, Cresensia alizunguka kwenye mahema akitaja jina alilopewa. Alimpata dada wa yule kijana. Mama alikuwa amefia njiani, kabla ya kufika. Metui anasema hapo ndipo alipomwona analia. Siku waliyorudi alisimama palepale kwenye kizuizi, akashuka, akampa yule kijana habari kwa mdomo wake.

Makao makuu yalimpa onyo kali. Siku ile alikuwa ameendelea bila askari, kinyume cha utaratibu. Akazuiwa kuongoza misafara. Mwalimu Josephati alimuuliza kwenye simu kama ameonewa.

"Sijaonewa," akamjibu. "Wangeweza kufa wote kwa sababu yangu. Na Gatluak yuko hai. Yote mawili ni kweli, Baba Clemensi."

Alirudi nyumbani mwaka 2019. Na huku kwetu hakutulia. Mwaka juzi mvua zilikata barabara ya Digodigo, na zahanati ikaanza kuishiwa dawa. Cresensia alimpigia Metui, ambaye sasa yuko kwao Soitsambu. Metui akazungumza na wafugaji wenye punda. Gari likafika mwisho wa njia, na kutoka hapo maboksi yakavuka juu ya punda. Wafugaji wa Soitsambu wakawabebea dawa wakulima wa Digodigo.

Dada yangu mimi ameolewa Digodigo. Anatumia dawa za presha kila siku. Zake zilifika kwa punda. Kwa hiyo leo siko hapa kusoma tangazo. Niko hapa kushukuru.

Mwaka huu ugonjwa wa figo ulimshinda Mama Cresensia. Bernadina alihamia pale nyumbani, akamuuguza mpaka mwisho. Anasema hata kitandani, kila aliyekuja kumwona aliulizwa maswali matatu. Umefikaje? Umekula? Utarudije? Asiye na usafiri wa kurudi, mgonjwa alichukua simu akamtafutia bodaboda.

Tulimzika Jumamosi. Metui alisimama kaburini na shuka yake begani, akasema "Ashe oleng", yaani asante sana kwa Kimasai.

Jumapili mchana mgeni akafika Qurus. Ni Gatluak. Siku hizi anaishi Uganda na mke wake na watoto. Alipopata taarifa alipanda basi, akachelewa maziko. Mwalimu Josephati alimkuta amesimama getini na begi lake. Alimpeleka kaburini, akamwacha peke yake huko kwa muda mrefu.

Aliporudi, alimkuta Mwalimu amekaa uwanjani katikati ya vitu vya kuazima, amechoka, hajui aanzie wapi. Mnajua msiba wetu unavyobaki. Viti vya kanisa, masufuria ya kikundi cha akina mama, turubai la jirani. Gatluak akamuuliza, "Baba, hivi ni vya nani?" Mwalimu akamtajia. Gatluak akaomba ufunguo wa pikapu.

Alishika usukani yeye, na Metui, aliyekuwa bado hajarudi Soitsambu, akakaa nyuma juu ya viti kumwonyesha njia. Walizunguka Qurus nzima mpaka jua likaelekea kuzama. Wenye nyumba wanasema kila walipofika, yule mgeni alishuka, akashika sufuria kwa mikono miwili, akasema kwa Kiswahili chake cha kambini: "Asanteni kwa kumsindikiza." Hata kijiko kimoja hakikupotea.

Mwalimu Josephati, Clemensi, Germana, Bernadina, na ukoo wote wa Amsi na wa Gwandu, tunawapa pole. Mlitupatia mtu wenu, na tulifaidi sana. Mungu awatie nguvu, naye ampumzishe kwa amani.

Na wewe unayenisikiliza, kabla hujalala, tazama mkate ulio mezani, kidonge kilicho kwenye kabati, maji yaliyo kwenye ndoo. Vyote hivyo viliwekwa mikononi mwa mtu, naye akavifikisha kwako. Huenda ni dereva wa pale mtaani, huenda ni mama wa stoo ya zahanati. Mtafute kesho. Mwambie asante angali anasikia.