Mstari wa Anab: Miaka Thelathini na Mmoja ya Bi. Pauline Kavata

Tarehe 31 Oktoba 2025, Bi. Pauline Kavata atafunga droo yake katika idara ya rekodi za wagonjwa, baada ya kuitumikia hospitali yetu hapa Machakos kwa miaka thelathini na mmoja kamili.

Alikuja kutoka Mitaboni mwaka 1994 kama karani wa kadi. Wakati huo kadi zilijaa makabati hadi darini, naye alizijua kwa mkono kama mtu anavyojua sufuria zake. Kompyuta zilipoletwa, wengi wetu tulizifunika kitambaa zisiingie vumbi. Yeye alinunua kitabu cha mtumba cha C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, akakisoma kila Jumamosi kwa mwaka mzima, na mwaka 2008 akatuandikia programu ya kuonyesha rekodi za wagonjwa. Alipoulizwa alisomea wapi, alijibu kwamba alisomea Jumamosi.

Lakini kisa ambacho mimi, Rashid, mwenzake kazini, nimeomba nafasi ya kukieleza ni cha mwaka 2009.

Msichana wa miaka sita, Anab, aliletwa na mamake, Bi. Bilan, akiwa na nimonia. Muuguzi wetu Peris alitazama skrini, hakuona onyo lolote, akaandaa sindano ya penisilini. Mama akamshika mkono.

"Sista, hiyo sindano ilimfanya afure uso mwaka jana. Mliandika."

Peris aliiweka sindano chini na kumwita Pauline. Kadi ya zamani ilitafutwa. Onyo lilikuwepo, kwa mwandiko wa Pauline mwenyewe. Hata ndani ya faili ya kompyuta lilikuwepo. Ni programu tu iliyokuwa hailionyeshi. Anab alipewa dawa nyingine, akapona.

Pauline angeweza kulaumu mashine, nasi tungemwamini. Badala yake alikaa na programu yake mpaka akaliona kosa. Baada ya jina la mgonjwa, programu ilisoma mstari unaofuata kuona kama ni wa kijiji anakotoka. Kama si wa kijiji, ilipaswa kurudi ilipokuwa na kuusoma mstari huo upya, maana ulikuwa na habari nyingine. Haikurudi. Wagonjwa wengi walikuwa na kijiji, kwa hiyo hatukugundua. Waliopotezewa mstari ni wale wasio na makazi ya kudumu, kama familia ya Anab, iliyohama na biashara ya mifugo. Na mstari wao wa kwanza mara nyingi ulikuwa wa onyo.

Dawa ya kosa hilo ilikuwa fupi. Kabla ya kuchungulia mbele, programu ihifadhi mahali ilipo kwa amri ya C iitwayo fgetpos. Ikikuta si kijiji, irudi pale pale kwa amri mwenza, fsetpos. Na ikishindwa kurudi, isionyeshe chochote, bali imwambie muuguzi atafute kadi.

Hata hivyo hakutosheka. Aliomba kompyuta zizimwe siku nne, turudie kadi, akakagua mmoja mmoja wagonjwa 212 wasio na kijiji. Siku ya tano aliniomba nimsindikize kwa Bi. Bilan, karibu na soko la mifugo. Alikataa kuketi kabla ya kusema lililomleta.

"Mama Anab, mtoto wako aliandikwa. Mimi ndio nilimruka."

Bi. Bilan akauliza:

"Sasa umemrudia?"

"Nimemrudia."

Basi akamimina chai. Njiani tukirudi Pauline alilia, nami nilitembea hatua chache mbele ili alie kwa raha.

Programu ile ilistaafishwa miaka saba iliyopita. Musau, aliyeandika mpya, anasema Pauline hakumwomba chochote ila jambo moja: programu ijaribiwe kwanza kwa rekodi za wasio na anwani. Ndivyo inavyofanyika hadi leo, kila programu inapobadilishwa.

Bi. Pauline, asante kwa subira yako, kwa mahindi ya kuchemsha ya kila Ijumaa, na kwa kutufundisha kukiri kosa tukiwa tumesimama. Mungu akupe afya, mvua za wakati na wajukuu wasiokupa nafasi ya kutukumbuka sana. Sisi tumekuwa nawe vya kutosha. Sasa ni zamu ya Mitaboni.