Mtoto Aliyetolewa Mlimani: Makarius Nduwayezu, Mpiga Picha, 1949–1999

Ndugu waombolezaji, tumechoka, na jua hili halitusaidii, kwa hiyo tusikilizane kidogo kisha tumsindikize mwenzetu. Maneno haya yametoka kwa mjane, Mama Evaline, ambaye hajapata usingizi wa maana tangu mwezi wa saba. Ameomba yasomwe kama alivyoyasema, na kosa lake lisirukwe.

Marehemu Makarius Nduwayezu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 Makere, wilayani Kasulu, mtoto wa nne wa Mzee Ildefonsi na Mama Vestina. Alisoma shule ya misheni kuanzia 1958 hadi 1965, na walimu walimjua zaidi kwa utoro. Akitumwa maji asubuhi alirudi jioni na ndoo tupu, anasimulia habari za ndege aliyemwona mtoni.

Mwaka 1968 alipata kazi ya kusafisha picha katika studio moja mjini Kigoma, na mwaka 1974 akafungua chumba chake cha giza karibu na soko la Kasulu. Umeme haukuwepo. Alitoboa tundu dirishani akawa anakuza picha kwa mwanga wa jua, na siku ya mawingu wateja walirudi makwao. Picha za vitambulisho ndizo zilizomlisha, lakini moyo wake ulikuwa porini. Alipiga kinamasi cha Malagarasi, na miombo inapochipua mwezi wa tisa, milima mizima ikawa na rangi ya kutu. Kisha alikaa na wembe, gundi na rangi za maji, akamtoa mtu kwenye ukuta wa matope na kumsimamisha kando ya maporomoko. Watu walipenda sana. Mwaka jana alionyeshwa kompyuta ya ofisi moja ya misaada ikiunganisha picha mbili. Aliitazama saa nzima, akasema haiachi alama ya wembe, na jambo hilo halikumfurahisha.

Alifunga ndoa na Verediana, ndiye huyu Mama Evaline, tarehe 6 Septemba 1975. Bwana harusi hakumwamini mtu yeyote na kamera yake. Aliitega mwenyewe, akakimbia kujipanga, na picha ikatoka inaonyesha kisogo. Akakata sura yake kwenye picha ya kitambulisho akaibandika. Mpaka leo pale sebuleni kichwa cha bwana harusi ni kidogo kuliko cha bibi harusi, na Mama Evaline alimtania miaka yote kwamba ameolewa na kitambulisho.

Mwaka 1994 walihamia Kibondo, maana wakimbizi walikuwa wengi na kila mmoja alihitaji picha. Septemba 1996 akaja Mama Esteri, kutoka kambi ya Mtendeli. Mwanawe Reverien alimpotea wakati wa kukimbia Burundi mwaka 1993, akiwa na miaka saba. Alikuwa na kipicha kimoja cha ubatizo, akaomba kikuzwe tu. Makarius alimwonea huruma, akazidisha. Alimpa mtoto mwili wa mwanawe Elisante, wa miaka kumi, aliokata kwenye picha, akamweka kwenye mlima wa Gwarama na kuupaka rangi ya kutu. Siku ya kuichukua hakuwepo, alikuwa porini na kamera yake. Mama Evaline ndiye aliyeikabidhi, akasema, "Huyo hapo mwanao, amekua."

Neno hilo tu. Mama Esteri alijua kwamba Makarius anazunguka milimani anapiga picha. Akaamini amekutana na mtoto, amempiga, na mtoto yu hai Gwarama.

Makarius aliporudi alikwenda kambini kueleza, lakini mama yule hakusikia. Alidhani wanaomlea mtoto wamemnunua mpiga picha anyamaze. Vipande vya picha Makarius alivificha. Aliona kumwonyesha ni sawa na kumchinja mtoto mbele ya mama yake. Basi kila Jumatatu, kwa miaka mitatu, Mama Esteri alikwenda Gwarama kuuliza nyumba kwa nyumba. Mara mbili alishikwa kwa kutoka kambini bila kibali, na bado alikwenda. Makarius aliacha kuunga picha. Mama Evaline anasema hakuna Jumatatu iliyopita nyumbani kwao bila uzito, na kwamba alitamani ulimi wake ungekatika siku ile.

Ugonjwa wa kifua ulimwanza Makarius mwezi Julai mwaka huu. Alilazwa mara tatu, kisha akarudishwa nyumbani. Jumamosi tarehe 9 Oktoba Mama Esteri alikuja kumwona. Akamwuliza, "Baba Evaline, siku ile uliyompiga, mwana wanje, mwanangu, alikuwa amevaa viatu?"

Makarius alilia. Akamwomba mkewe alete sanduku la chini ya kitanda. Mle mlikuwa na shati la Elisante lililokatwa kwenye picha, na picha ya mlima wa Gwarama mtupu, hauna mtu. Mama Esteri aliushika mlima ule, akaugeuza nyuma na mbele, akaurudisha kitandani.

"Basi mtoe huko mlimani," akasema. "Amekaa peke yake siku nyingi."

Hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho. Aliifanya Mama Evaline akimshikia kiwiko, siku kumi na tano kwa picha moja. Alimtoa mtoto pale, akamweka ubavuni kwa picha ya mama yake, nyuma yao karatasi nyeupe. Aliimaliza Jumapili tarehe 24 Oktoba, na Mama Evaline akaipeleka mwenyewe, akaeleza kila kipande kimetoka wapi. Makarius alifariki Jumanne tarehe 2 Novemba 1999, saa kumi alasiri, akiwa na miaka hamsini.

Ameacha mjane, Verediana, watoto watatu, Evaline, Ildefonce na Elisante, wajukuu wawili, na dada yake, Epifania. Mama Esteri yuko nasi kwa kibali cha siku moja. Ameomba watu wa Gwarama waliopo hapa, ambao walimzoea, waambiwe kwamba Jumatatu mbili zilizopita hakufika kwao, na si kwa kuugua. Wasimngoje tena.

Makarius, kazi umeimaliza. Lala kwa amani.