Nilichokiona kwa Lavinia na Corwin

Kaeni, wanangu, wote wawili, na msinikatize, kwa maana pumzi niliyobakiwa nayo si ya kubishania. Lavinia, kaa huku dirishani. Corwin, vuta kiti uje upande wa pili, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kusoma mita ya gesi. Daktari amekwisha kuniambia la kuniambia, nami nikamshukuru, akashangaa. Siogopi. Kinachoniuma ni kimoja tu, nacho mnakijua: tangu tumzike mama yenu hamjasemezana, mmoja anakuja kuniona Jumapili, mwingine anangoja mwenzake aondoke ndipo aje, na leo imebidi niwaitishe kwa simu ili niwaone chini ya dari moja. Nyumba hii nawaachia nyote wawili, isigawanywe wala isiuzwe, na kama mtaishi ndani yake kama wageni wa hoteli wanaopishana koridoni, basi nimejenga bure.

Vitu vingine ni vidogo, tuvimalize. Gari ni la Corwin, maana ndiye anayejua linavyokataa kuwaka asubuhi za baridi. Piano ni ya Lavinia. Vitabu vipelekwe chuoni, wakivikataa lipewe kanisa. Na lile sanduku la vichochoro kule chini, nililokuwa nikiwakimbizia panya weupe wa majaribio, lipasueni kuni. Mbao zake ni kavu na limeshafanya kazi yake. Usicheke, Corwin. Sanduku lile liliniokoa.

Nilipokuwa kijana, hapa hapa Ohio, saikolojia ilikuwa kazi ya kujichungulia ndani. Profesa wetu, Amsel Reinholt, alisomea Leipzig, Ujerumani, akarudi na ndevu na masharti. Alikuwa akituketisha kwenye chumba chenye giza, anagonga kengele, kisha anauliza kimepita nini akilini. Siku moja aliniwekea chungwa mezani. Nikasema, "Naona chungwa, bwana." Akapiga meza kwa ngumi: "Machungwa yako sokoni, Voorhees! Nakuuliza kilichomo ndani yako, unaniletea matunda!" Kwetu hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa, kukitaja kitu kwa jina lake. Ilikupasa useme unaona wekundu unaoingia manjano, na uduara, na ubaridi kidogo ukigusa. Nikajifunza mpaka nikaharibika. Mama yangu akiniwekea supu nautazama mvuke na kukosa neno, hata baba akasema, "Huyu shule imempa homa."

Lakini lililonitesa halikuwa hilo. Mimi na mwenzangu tuliwekwa mbele ya chungwa lile lile, tukaambiwa tufikirie tunda jingine. Yeye akasema ameona picha akilini, mimi sikuona kitu, wazo lilikuja tu. Profesa akasema mimi ndiye sijafunzwa vizuri. Huko huko Ujerumani kulikuwa na maabara nyingine iliyokuwa ikipata majibu kama yangu, nao wakasema watu wa upande wetu ndio hawajafunzwa. Nani aamue? Nani atafungua kichwa cha mtu achungulie? Basi nikawa nalala nikiamini kwamba wenzangu ndani yao mna nyumba iliyojaa samani, na mimi nina chumba kitupu.

Nipe maji kidogo, Lavinia. Ahsante.

Halafu zikaja habari nyingine. New York mtu amemfungia paka kwenye kizimba, paka anahangaika, anakwaruza hapa na kuuma pale, mpaka kwa bahati anavuta kamba na mlango unafunguka, na akifungiwa tena anaivuta mapema zaidi. Hakuna aliyemuuliza paka anawaza nini. Kwa Warusi, mbwa anadondokwa na mate kwa kusikia tu sauti iliyozoea kuja na chakula. Kisha, kabla ya ile vita ya kwanza, ikatoka sauti Baltimore iliyosema waziwazi: acheni kuchungulia, tazameni kiumbe anafanya nini, hiyo ndiyo sayansi yetu. Wanangu, nilisoma maneno yale kwenye ngazi za maktaba, nikakaa chini nikacheka peke yangu mpaka watu wakanipisha mbali. Nilikuwa nimefunguliwa. Hakuna tena wa kuniuliza ndani yangu mna nini! Nikaunda lile sanduku, nikaanza kukimbiza panya. Reinholt akatangaza mbele ya darasa, "Voorhees ameshindwa kujitafuta, sasa anatafuta panya." Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka zaidi yao, kwa sababu ilikuwa kweli.

Sisemi wenzangu wa sayansi hii mpya hawakuvuka mpaka. Walilewa. Walifika mahali wakasema ndani ya mtu hamna kitu kabisa, wakaanza kuwafundisha akina mama wasiwabusu watoto, wawape mkono asubuhi kama mabwana wa benki. Niliuleta ushauri huo nyumbani. Hester, mama yenu, alikuwa na mimba yako, Lavinia. Akaniambia, "Thaddeus, siku utakayonipa mkono asubuhi, jioni katandike kwa panya wako." Mlibusiwa nyote wawili, na mimi nilibusiwa.

Sasa ndipo nilipotaka kufika, na sauti inanikimbia, sogeeni.

Lavinia, siku ya mazishi ulimwambia ndugu yako mbele ya watu, "Huna moyo wewe, hata chozi moja?" Binti yangu, ulikuwa unamdai akuonyeshe kilichomo ndani yake, naye akakosa la kuonyesha, kama mimi mbele ya chungwa. Mimi sikumuuliza. Nilimtazama. Panya aliyezoea njia ya chakula, ukiondoa chakula na kuiziba kwa kibao, bado ataikimbilia, atasimama pale penye kibao akinusa. Corwin anao ufunguo wa mlango wa mbele, lakini anaingia kwa jikoni. Anapangusa viatu, halafu anavipangusa tena, kama mama yenu alivyomlazimisha. Kisha anasimama mbele ya jiko lisilowaka, kofia mkononi, anangoja kukatazwa asionje keki. Hakuna wa kumkataza. Ndipo anakuja kwangu.

Na wewe, Corwin, usikae hapo kama aliyeshinda kesi. Dada yako hataji jina lako. Lakini kila Jumapili, hata koti hajavua, anaangalia kigingi unapotundika kofia yako. Mtu asiyekutaka hakagui kama umefika.

Hapana. Msinijibu. Msianze kunieleza mnavyojisikia, maisha yangu yote nimeyakimbia maelezo hayo. Fanyeni kitu. Mto umeteleza... mgongo unaniuma. Niinueni nikae. Mmoja huku, mmoja kule, pitisheni mikono chini yangu. Peke yako huwezi, Lavinia, baba yako bado mzito. Shikaneni huko nyuma, la sivyo mtaniangusha. Corwin, mshike dada yako. Si vidole, bwana. Mkono.

Hivyo.

Ah. Hapo sasa.

Nizikeni kando ya Hester. Mchungaji asihubiri kirefu. Atakayelia aachwe alie, na asiyelia... asiulizwe. Mungu awalinde katika nyumba hii, awape kupigizana kelele mezani, na watoto wenu wajue njia ya kwenda kwa shangazi yao na kwa mjomba wao bila kuelekezwa. Nawabariki. Nimeridhika, wanangu, mzigo umeshuka, hamjui ulivyokuwa mzito.

Hapana, msiachie. Bado kidogo. Mgongo hauniumi... wala haujaniuma leo. Msiachie.